Ufundi wa Kumngoja Ndege

Mwaka 1736, katika kijiji cha Stratton Strawless, kaskazini ya mji wa Norwich, kwenye kaunti ya Norfolk huko Uingereza, bwana mmoja mwenye mashamba na misitu, Robert Marsham, alianza kuandika tarehe. Aliandika siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku kekeo alipolia, siku kunguru walipoanza kujenga, siku vyura walipopaza sauti na siku mwaloni ulipotoa majani. Dalili za majira ya chipuko alizozifuatilia zilifika 27. Royal Society ya London ilichapisha kumbukumbu zake mwaka 1789, naye alifariki 1797 akiwa na umri wa miaka 89. Vizazi vyake vikaipokea kalamu, na ingawa ipo miaka iliyorukwa, daftari lilidumu katika ukoo huo hadi 1958, kisha likafungwa. Kazi ile ilikuwa ufundi kamili, sawa na ufundi wowote wa mikono, na kuachwa kwake ni hasara ambayo vifaa vya leo, kwa wingi wao wote, havijaifidia.

Wengi hudhani kwamba kuwajua ndege ni kujua majina na rangi zao. Norfolk yenyewe inakanusha. Septemba ikifika, bata bukini wenye miguu ya waridi huanza kuwasili kutoka Iceland na Greenland, na majira ya baridi yanapokomaa wanakuwa maelfu kwa maelfu kwenye pwani ya Holkham na Snettisham. Hulala kwenye matope na michanga ya bahari, na alfajiri huruka kwenda bara kula mabaki ya viazisukari mashambani baada ya mavuno. Mtu akisoma hayo kitabuni atadhani kila alfajiri ya Desemba inafaa. Aliyekaa na ndege hao anajua kwamba usiku wa mbalamwezi bukini huweza kukesha shambani wakila, na mapambazuko yakapita ufukweni bila lile wingu kubwa la mabawa. Vivyo hivyo vitwitwi wa kijivu wanaokusanyika katika ghuba ya The Wash. Maji yakiwa mafu, matope hubaki wazi na ndege hutawanyika mbali, wasionekane ila kama vumbi. Lakini bamvua ikija na kuyafunika matope yote, kundi zima hufukuzwa na maji, likanyanyuka na kugeuka angani, mara jeusi mara jeupe, kabla ya kujibana kwenye vidimbwi vya nyuma ya ufuo. Mpwani yeyote ataelewa: kwa ndege hawa kalenda haitoshi, lazima uhesabu mwezi na maji. Na hesabu hiyo hujengeka polepole, kwa kurudi mahali palepale msimu baada ya msimu.

Ndiyo maana tarehe moja ya Marsham ina uzito kuliko inavyoonekana. Anayeandika kwamba mbayuwayu wa kwanza alifika siku fulani ya Aprili anashuhudia pia kwamba jana yake hakuwapo, wala juzi. Ushahidi huo hauna thamani ila kama kweli alitazama jana na juzi. Nyuma ya kila tarehe kuna asubuhi nyingi tupu, za kusikiliza na kutosikia kitu, na hizo ndizo sehemu ngumu ya kazi. Leo habari ya ndege adimu huenea kwa simu kabla hajamaliza kunywa maji, na watu hufunga safari kumwona. Ripoti mia zinaweza kuandikwa kumhusu ndege huyo mmoja, na katika hizo mia isiwepo hata moja inayosema ni lini kekeo aliacha kulia katika kijiji kilicho jirani.

Wapo watakaosema kwamba ufundi huu ulikuwa anasa ya tajiri aliyekuwa na muda. Kwa Marsham hilo ni kweli. Lakini mwaka 1911, Emma Turner, mpiga picha aliyeishi kwa vipindi ndani ya mashua katika ziwa la Hickling, humohumo Norfolk, alithibitisha pamoja na mtunzaji wa vinamasi, Jim Vincent, kwamba yule ndege wa matete mwenye sauti ya kuvuma, aliyekuwa ameacha kuzaa Uingereza, amerudi kulea makinda. Vincent hakuwa tajiri, na bila mazoea ya watu kama yeye na matete yale, makinda yale yangekua na kuruka bila mtu kujua.

Pingamizi zito zaidi ni la setilaiti. Mwaka 2011 watafiti wa British Trust for Ornithology, wenye makao yao Thetford, Norfolk, waliwafunga kekeo madume watano vifaa vya kufuatilia safari, na tangu hapo tumejua mambo ambayo Marsham asingeweza hata kuyawaza: kwamba kekeo wa Norfolk huweza kuondoka Juni, na kwamba miezi mingi ya mwaka wake huipitisha Afrika, ikiwemo misitu ya Kongo. Ni elimu kubwa, na asiyeishukuru hana haki. Hata hivyo kifaa kinamfuata kekeo aliyepatikana. Hakiwezi kuandika kijiji ambacho hakuna kekeo wa kufungwa kifaa. Na wanaodai kwamba tarehe za kale zimepitwa na wakati kwa kuwa hali ya hewa imebadilika wanasahau jambo moja: mwaka 1995 daftari la ukoo wa Marsham lilitumiwa kuchunguza jinsi mimea na wanyama walivyoitikia joto na baridi kwa karne mbili. Mabadiliko hupimwa kwa kulinganisha na kilichoandikwa zamani.

Kinachouma ni wakati daftari lilipofungwa. Baada ya 1958 mashamba ya Uingereza yaliendelea kusafishwa magugu kwa dawa, nyua za miti zikazidi kung'olewa, na ndege wa mashambani wakaanza kupungua kwa kasi. Kekeo wa Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu. Hua yule mdogo mwenye mgongo wa rangi ya kutu, ambaye huwasili mwishoni mwa Aprili na Mei kutoka Afrika Magharibi, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 nchini humo, na Norfolk ni mojawapo ya sehemu chache anakoendelea kuzaa. Vipo vijiji vingi vya kaunti hiyo ambako alisikika kila kiangazi na sasa hasikiki. Lakini palipokosekana mtu wa kuandika siku yake ya kwanza, hata mwaka wake wa mwisho haujulikani.