"Kutumia" ni Kufanya Nini? Uhakiki wa Lugha ya Kanuni za Akili Mnemba Kazini

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, makampuni mengi duniani yameweka kanuni za kuwazuia wafanyakazi wao wasiitumie mitambo ya namna hiyo, au kuwawekea mipaka katika kuitumia. Mwezi Mei 2023 Samsung ya Korea Kusini iliipiga marufuku katika vifaa vyake vya kazi, baada ya kugundua kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameingiza humo maandishi ya siri ya programu za kampuni. Kanuni za aina hii aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Pale zinapomhusu mfanyakazi wa Kitanzania hazina budi kufasiriwa, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Mjadala juu ya jina la mitambo yenyewe unafahamika. Wapo wasemao akili bandia, wapo wasemao akili unde, na katika Tanzania akili mnemba ndilo jina lililoenea zaidi. Hatukusudii kuufufua mjadala huo hapa, ila tunakumbusha tu kwamba bandia humpeleka msomaji kwenye noti bandia na dawa bandia, yaani kwenye udanganyifu, jambo ambalo silo linalokusudiwa. Hata hivyo twaona kwamba nguvu nyingi zimetumika juu ya nomino, na kitenzi kimeachwa yatima.

Tuchukue sentensi ambayo mfasiri angeweza kuiandika bila kusita:

"Ni marufuku kwa mfanyakazi kutumia akili mnemba zalishi katika shughuli za kampuni bila idhini."

Kisarufi sentensi hii haina kosa. Kasoro yake ni kwamba mtu anayeamriwa hawezi kujua amekatazwa nini. Tuchukulie mfano wa karani wa kampuni ya kununua tumbaku katika kata ya Chemchem, mjini Tabora. Kwa siku moja karani huyo aweza kufanya mambo manne:

(a) kuuliza mtambo maana ya neno asilolielewa;
(b) kuingiza humo orodha ya wakulima, pamoja na majina, namba za simu na madeni yao, ili ipangwe vizuri;
(c) kuuagiza umtungie barua, kisha akaisoma na kuisahihisha kabla ya kuituma;
(d) kuituma barua hiyo kama ilivyotoka, bila kuisoma.

Ni dhahiri kwamba haya ni matendo manne yenye uzito mbalimbali. La kwanza ni sawa na kufungua kamusi. La pili ni kukabidhi mali ya watu wengine kwa mtu wa mbali. Nalo laweza kugusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo pia inasimamia usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi. La tatu ni msaada wa uandishi. La nne ni kuacha wajibu, kwani mitambo hii huweza kutunga jambo lisilokuwapo kwa lugha fasaha kabisa. Lakini kanuni yetu imeyafunga yote kwa kamba moja ya kutumia. Aliyeuliza maana ya neno na aliyetoa siri za wakulima wamevunja kanuni ile ile.

Yawezekana mwajiri akajibu kwamba neno pana ndilo analolitaka, ili pasiwe na tundu la kupenyea. Hoja hiyo haina nguvu. Kwa mujibu wa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, katika kupima uhalali wa kumwachisha mtu kazi kwa kosa la nidhamu, huangaliwa pia kama kanuni aliyoivunja ilikuwa wazi, isiyo na utata, na kama mfanyakazi aliijua. Kwa hiyo neno pana halimlindi mwajiri, na papo hapo laweza kumponza karani asiye na hatia. Mkate wa mtu umening'inia kwenye kitenzi.

Tabora yenyewe ina funzo la zamani katika jambo hili. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani, mmoja ukielekea Ujiji, mwingine ukipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Watu wa misafara hawakuridhika na neno moja la "msafiri". Aliyebeba mzigo aliitwa mpagazi, aliyetangulia njiani aliitwa kirangozi, aliyewasimamia wabebaji aliitwa mnyapara, na mlinzi mwenye silaha aliitwa askari. Kila jina lilibeba wajibu wake. Lugha iliyoweza kugawa kazi za njiani namna hiyo haishindwi kugawa kazi za ofisini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wafasiri wa kanuni hizi waepuke kutumia kila inapowezekana, na badala yake wapambanue vitenzi vifuatavyo:

1. Kuuliza: kutafuta maelezo ya jumla, bila kutoa habari za kampuni wala za mtu.
2. Kuingiza: kuupa mtambo maandishi, orodha au picha za kazi.
3. Kutungisha: kuuagiza mtambo utunge maandishi mapya.
4. Kuhakiki: kusoma na kupima kilichotungwa kabla hakijatumika.

Tena idhini isiachwe ikielea. Itajwe ni ya nani, na itolewe kwa maandishi. Sentensi ile ya kwanza yaweza basi kusomeka hivi: "Mfanyakazi haruhusiwi kuingiza katika akili mnemba zalishi taarifa za wateja au siri za kampuni. Aweza kutungisha rasimu kwa idhini ya maandishi ya mkuu wake wa kazi, na ni wajibu wake kuihakiki kabla ya kuituma." Ni ndefu zaidi, lakini karani wa Chemchem akiisoma atajua wapi pa kusimama.

Kutungisha huenda kukawachekesha baadhi ya wasomaji. Wenye neno bora zaidi tunawaomba watuletee, pamoja na mifano ya sentensi.