Dishi Lililofungwa Vizuri: Namna ya Kuijua Kazi ya Fundi, Kismayo na Visiwani

Enzi za antena za analojia, jicho lilitosha kuhukumu. Picha ikijaa chenga, mawimbi ni dhaifu; ikitakata, ni mazuri. Dijitali imeliondolea jicho kazi hiyo, kwani picha iliyobakiza kidogo tu ikatike hung'ara sawasawa na ile yenye mawimbi tele. Fundi anayekuonyesha mpira unachezwa safi kisha akaomba ujira, hajakuonyesha kitu bado.

Kabla ya fundi, soma maandishi ya DVB nyuma ya king'amuzi au luninga. S2 ni ya dishi, T2 ni ya antena inayopokea minara ya ardhini, C ni ya kebo. Jamaa wa Mombasa na Lamu huwaletea ndugu zao ving'amuzi vya T2, na kwenye waya wa dishi hivyo havioni chochote. Kenya yenyewe iliyaonja haya: ilizindua dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa T, ikahamia T2, na masanduku ya mwanzo yakabaki hayana kazi kabla hata analojia haijazimwa mwaka 2015.

Luninga iliyotumwa kutoka Marekani ina shida kubwa zaidi. Kipokezi chake ni cha mifumo ya huko, ATSC kwa antena na QAM kwa kebo, na kebo ya Marekani hufuata kanuni tofauti na ile ya DVB-C ya Ulaya iliyoenea pande zetu. Hata huko kwao, tangu mwaka 2012 kampuni za kebo za dijitali ziliruhusiwa kufunga kwa msimbo wa siri hata chaneli za msingi, ikawa kipokezi cha ndani hakisaidii bila kisanduku cha kampuni. Huku kwetu itumie kama kioo, uchomeke king'amuzi kwa HDMI. Na ukiletewa kebo mtaani, muulize msambazaji kwanza: ni analojia au DVB-C, na imefungwa au iko wazi?

Sasa dishi. Kismayo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na hilo hubadilisha mengi. Dishi la setilaiti ya Nilesat, nyuzi 7 magharibi, hutazama karibu magharibi halisi, likiinuka kama nyuzi 33. La Badr, nyuzi 26 mashariki, hutazama upande huohuo lakini huinuka hadi kama nyuzi 70. LNB, yaani kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, nayo, kwa mawimbi ya wima na ya mlalo, huhitaji kuzungushwa karibu robo duara. Fundi anayeiacha ilivyotoka dukani, akasema inatosha, mwache aende.

Mwambie afungue ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu usiijali sana, kwani LNB hupandisha hata makelele. Tazama ubora, tena kwenye chaneli iliyo dhaifu kuliko zote. Kisha gusa ukingo wa dishi, usukume kidogo juu, chini, kushoto, kulia. Ubora ukishuka kila upande, dishi limekaa kileleni. Ukipanda upande mmoja, hajamaliza kazi. Jaribio hili ni la dakika moja, nami naliamini kuliko maneno yote ya fundi.

Baada ya hapo angalia waya, maana hapo ndipo chumvi ya bahari inapofanya uharibifu wake. Sogeza sumaku kwenye uzi wa katikati: ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB ili kuchagua wima au mlalo, na waya mrefu wa chuma huila ile 18 hadi LNB ikadhani ni 13. Visiwani, wanakotumia sola, betri iliyochoka inaweza kuleta dalili ileile. Kwa hiyo nusu ya chaneli zikipotea na nusu zikabaki safi, usilaumu setilaiti. Na chaneli ikitoa sauti bila picha, mara nyingi imehamia mfumo mpya wa kubana picha, H.265, nawe una king'amuzi cha zamani. Dishi halina kosa.

Viungio vya nje vizibwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, si selotepu. Waya uachiwe tumbo kabla ya kuingia ndani, maji yadondokee hapo. Nguzo isitikisike kwa mkono, maana kusi itaitikisa zaidi.

Usimlaumu fundi kwa jambo moja: karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na picha hukatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo. Hakuna dishi linaloepa.

Mlipe fundi sehemu ya ujira siku ya kwanza, na iliyobaki baada ya mvua kubwa ya kwanza. Fundi mzuri hukubali.