Chombo cha zamani, mikono ya leo

Tunapotamka neno «mila», wengi wetu tunawaza kijiji, ngoma na wazee. Lakini Wazungu nao walipoteza mila zao za muziki, wakapaswa kuzitafuta upya. Mfano mzuri uko Brussels, kwenye Konservatwari ya Kifalme.

Mwaka 1877 konservatwari hiyo ilianzisha makumbusho ya vyombo vya muziki. Mtunzaji wake wa kwanza, Victor-Charles Mahillon, alikuwa fundi. Hakutosheka kuvifungia vyombo ndani ya kabati. Alitengeneza vingine kwa kufuata vile vya zamani, na pamoja na mkurugenzi Gevaert akapanga konseri za kuvisikilizisha. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1972, Sigiswald Kuijken, aliyesomea palepale, alianzisha kundi La Petite Bande. Kuanzia 1993 akarudi hapo kufundisha violoni ya baroko.

Mtu akisikia muziki wa namna hii mara ya kwanza, atauliza: mbona sauti ni ndogo? Ni kweli. Nyuzi za violoni ni za utumbo wa kondoo, upinde ni mwepesi na umebinuka kwa nje, tarumbeta haina vidude vya kubonyeza. Lakini ile sauti ndogo inasema maneno. Noti moja inapungua upesi, nyingine inaanza, sawa mtu anayeongea, na violoni haifuniki filimbi ya mbao. Violoni nyingi za zamani, hata za Stradivari, zilibadilishwa shingo ili zijaze majumba makubwa. Nguvu ilipatikana, lakini mazungumzo yalipungua. Hapo ninawasifu hawa wanamuziki bila kusita.

Kosa linaanza pale mtu anapotuambia: «Hivi ndivyo Bach alivyosikia.» Nani alikuwepo? Tuchukue noti ya la. Leo makundi mengi ya baroko huiweka kwenye 415, nusu toni chini ya 440 ya kawaida. Lakini zamani kila mji ulikuwa na la yake. Ile 415 ni mapatano ya siku zetu, juu ya kurahisisha kazi. Richard Taruskin alilisema wazi katika kitabu chake cha 1995: tunachokiita cha zamani mara nyingi ni ladha ya leo. Namkubali, lakini nusu tu. Ladha ni ya leo, ndiyo. Ila chombo chenyewe kinamkatalia mpigaji mambo fulani na kinamfundisha mengine. Hilo siyo jambo dogo.

Na sisi je? Huko Tervuren, karibu na Brussels, kumelala likembe, madimba na ngoma nyingi za Kongo. Vimetunzwa vizuri, lakini vimenyamaza. Wabelgiji walipaswa kusoma vitabu kwa sababu wapigaji wa vyombo vyao walikuwa wamekufa zamani. Sisi tungali na mafundi wanaojua namna chuma cha likembe kinavyofuliwa, na namna kinavyolinganishwa kwa sikio. Tukingoja mpaka nao waondoke, wajukuu wetu watabaki kubahatisha sauti ya babu zao na kuipa namba, sawa ile 415.

Basi tusidai tu vyombo virudi. Tupeleke vijana kwa mafundi sasa, wakae chini, wasikilize, wakosee na kurudia. Chombo kikirudi na kukuta hakuna mikono ya kukipiga, ni mti na chuma tu.