Mhogo Mmoja, Majina Matatu: Mwanafunzi Anavyofikia Chanzo cha Kuaminika

Mwaka 1936, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, mwanasayansi H. H. Storey alichapisha kurasa chache kuhusu ugonjwa wa mhogo ambao hakuna aliyekuwa ameueleza kisayansi kabla yake. Leo wakulima na mabwana shamba wanauita michirizi ya kahawia. Kurasa hizo zilitoka katika East African Agricultural Journal, jarida lililokuwa changa wakati huo, na bado zinatajwa na kila mtafiti makini wa ugonjwa huo.

Sasa mchukue mwanafunzi wa kilimo pale Morogoro. Amepewa swali: ugonjwa huu umeeneaje Afrika Mashariki? Anashika simu, anaandika "ugonjwa wa mhogo", na anachokipata ni mchanganyiko: tangazo la duka la viuatilifu, video ya mkulima, kijarida cha mradi uliokwisha zamani, habari ya gazeti isiyotaja mtafiti hata mmoja. Kila kimoja huenda kina punje ya ukweli. Hakuna kinachomfikisha Amani.

Mara nyingi hapo ndipo lawama hutupiwa mtandao, au uvivu wa vijana. Lawama hizo hazisaidii. Njia ya kutoka kwenye neno lile hadi kwa Storey, na kurudi hadi kwa watafiti wa leo, ina hatua zinazoonekana, na kila hatua inafundishika.

Hatua ya kwanza ni maneno. Kiswahili cha mtandaoni kuhusu mhogo kimeandikwa zaidi kwa ajili ya mkulima: namna ya kuchagua vipando, namna ya kung'oa mimea iliyougua. Utafiti wenyewe umeandikwa zaidi kwa Kiingereza, kwa jina moja ambalo wanafani wote wanalitumia: "cassava brown streak disease". Jina hilo likiwekwa ndani ya alama za kunukuu, injini inatafuta maneno yote manne kwa mpangilio huohuo, na sehemu kubwa ya takataka inapungua. Yapo pia majina ya Kilatini, ambayo wanafunzi huyakariri kwa mtihani kisha wakayasahau, ilhali katika utafutaji yana thamani kubwa. Mtafiti wa Msumbiji anaandika kwa Kireno na wa Kongo kwa Kifaransa, lakini wote wawili wataandika Manihot esculenta kwa mhogo na Bemisia tabaci kwa nzi weupe wanaosambaza virusi. Jina moja la Kilatini linavusha mipaka mitatu ya lugha. Tena, akiongeza "site:ac.tz" mbele ya maneno yake, anapata kurasa za vyuo vya Tanzania peke yake, "site:ac.ug" inamfungulia Uganda, na "site:ac.ke" Kenya.

Hatua ya pili ni kubadili chombo. Novemba 2004, wahandisi wawili wa Google, Anurag Acharya na Alex Verstak, walifungua Google Scholar, injini inayochota makala za majarida, tasnifu, vitabu na ripoti za utafiti. Wengi wanaitumia kama Google ya kawaida: wanasoma matokeo matatu ya juu na kufunga. Hazina yake iko chini ya kila tokeo, kwenye kiungo kidogo kinachoonyesha idadi ya kazi zilizoitaja makala hiyo. Wazo hilo ni la kale kuliko intaneti. Eugene Garfield, mtaalamu wa habari za kisayansi wa Philadelphia, alilifanyia kazi kwa miaka hadi alipoanza kuchapisha Science Citation Index mwaka 1964: fahirisi iliyomwezesha msomaji kuichukua makala ya zamani na kuona ni nani aliyeitaja baadaye. Marejeo yaliyo mwishoni mwa makala humrudisha msomaji nyuma. Fahirisi ya Garfield ilimpeleka mbele.

Faida yake inaonekana waziwazi katika kisa cha mhogo. Mwanafunzi wetu anakutana na mapitio ya Hillocks na Jennings ya mwaka 2003, yanayokusanya yote yaliyojulikana hadi wakati huo. Marejeo yake yanamrudisha kwa Storey, kisha kwa R. F. W. Nichols, aliyeandika mwaka 1950 kwamba ugonjwa huu ni wa pwani na nyanda za chini, na kwamba ni nadra kuuona maeneo ya juu ya mita 1,000 hivi. Sentensi hiyo ni safi, imetoka jarida la kuheshimika, imeandikwa na mtafiti aliyeyatembelea mashamba mwenyewe. Mwanafunzi anaweza kuinukuu na kulala usingizi.

Asilale. Akibonyeza kiungo cha kwenda mbele, anakuta kazi ya Alicai na wenzake ya mwaka 2007, iliyoeleza jinsi ugonjwa ulivyoibuka tena Uganda, tena katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,000. Akiendelea anawakuta Mbanzibwa na wenzake mwaka 2009, walioonyesha kwamba virusi vya ukanda wa Ziwa Victoria vinatofautiana kinasaba na vya pwani ya Bahari ya Hindi. Nichols hakukosea, hali ya mashambani ndiyo iliyobadilika baada yake. Mwanafunzi anayeishia mwaka 1950 atamwambia mkulima wa nyanda za juu kwamba yuko salama, na atakuwa amenukuu chanzo cha kweli kabisa. Hii ndiyo sababu ya kumfundisha kuitazama tarehe, na kukitumia kitufe cha kuchuja matokeo kwa mwaka, kwa kuwa Google Scholar hupandisha juu makala zilizotajwa sana, na zilizotajwa sana mara nyingi ni za zamani.

Baada ya kupata, kuna kupima. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwaweka watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wahakiki ukweli 10 wa vyombo vya habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Katika jaribio mojawapo walilinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto wa Marekani. Ya kwanza ilikuwa ya American Academy of Pediatrics, chama kilichoanzishwa mwaka 1930 chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Ya pili ilikuwa ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliona kikundi kile kidogo ndicho cha kuaminika zaidi. Hata baadhi ya wanahistoria, watu waliozeeka katika nyaraka, waliyumba.

Wahakiki hawakuyumba, na hawakuwa werevu kuliko wengine. Walitofautiana kwa mwendo wa macho. Wanafunzi walisoma ukurasa kuanzia juu hadi chini, wakapima nembo, mpangilio na orodha ya marejeo. Wahakiki walitua, wakatazama jina la chama, wakaondoka. Walifungua kurasa nyingine pembeni, wakauliza dunia inasema nini juu ya chama hicho, kisha ndipo wakarudi kusoma. Tena kwenye orodha ya matokeo hawakurukia kiungo cha kwanza. Walishuka taratibu wakisoma anwani na vipande vya maelezo kabla ya kuchagua.

Aliyepitia madrasa za Lamu au Unguja hatashangazwa sana na ugunduzi huo. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na uzuri wa maneno. Walidai isnadi, yaani nani kapokea kutoka kwa nani, na je, wapokezi hao wanajulikana kwa uaminifu? Mkulima naye anajua kwamba mhogo wenye michirizi unaweza kusimama na majani ya kuridhisha, na uozo ukaonekana siku ya kuung'oa.

Hata jina la "jarida la kitaaluma" si kinga. Oktoba 2013 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa John Bohannon, aliyetunga makala ya uongo kuhusu kemikali ya kuvu-mwani inayoua seli za saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, na akaitia majina ya watafiti na taasisi za Kiafrika ambazo hazipo. Aliituma kwa majarida 304 ya mtandaoni yanayowatoza waandishi ada. Majarida 157 yaliikubali. Kwa hiyo mwanafunzi anayekutana na jarida asilolijua aondoe macho kwenye tovuti yake yenyewe. Je, limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003? Wahariri wake wanaonekana kwenye kurasa za vyuo wanavyodai kufanyia kazi? Linatajwa na watafiti ambao tayari ameshawapima?

Programu za akili unde zimeongeza mtego mwingine. Mwaka 2023 mawakili jijini New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, majina na nukuu vyote. Marejeo ya kubuni yana mwaka, jarida na kurasa, kama ya kweli. Kipimo chake ni chepesi: makala nyingi za kisasa zina namba ya kudumu iitwayo DOI, na namba hiyo ikiandikwa katika doi.org lazima ifungue makala yenye jina lilelile. Isipofungua, na makala isionekane katika Google Scholar wala katika katalogi ya maktaba, haifai kuingia kwenye kazi.

Halafu kuna mlango uliofungwa. Mwanafunzi anaipata makala hasa anayoitaka, na ukurasa unamdai malipo kwa dola. Wengi huishia hapo na kurudi kwenye kijarida cha mradi. Inauma, maana mara nyingi mlango huo umeshafunguliwa kwa ajili yao. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua HINARI pamoja na wachapishaji sita wakubwa, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya afya bure au kwa gharama ndogo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likafuata na AGORA kwa upande wa kilimo. Leo mipango hiyo na dada zake imo chini ya mwavuli wa Research4Life. Kwa upande wao maktaba za vyuo zimeungana kujadiliana na wachapishaji: Tanzania kupitia COTUL, Kenya kupitia KLISC. Majarida ya Afrika yenyewe yana nyumba yao, African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini.

Nywila ya kuingilia huwa mikononi mwa mkutubi. Mwanafunzi anaweza kukaa miaka mitatu bila kwenda kuiuliza, kwa kudhani kazi ya mkutubi ni kupiga mihuri na kutoza faini za vitabu vilivyochelewa. Mkutubi mzuri anajua zaidi ya nywila. Anajua tasnifu ipi iko rafuni na haijawahi kuingizwa mtandaoni, na ripoti zipi za zamani zimejalidiwa pamoja.

Kwa mwanafunzi wa mhogo, swali la mkutubi linaweza kuwa hili: umetafuta kwa jina gani la mbegu? Storey na waliomfuata Amani waliuzalisha mhogo kwa kuukutanisha na jamaa yake wa mwituni, Manihot glaziovii, wakitafuta ukinzani. Mmoja wa mihogo hiyo ulibeba namba 46106/27 katika kumbukumbu za kituo. Pwani ya Kenya wakulima waliuita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna Namikonga, mhogo unaosifika kwa kuhimili michirizi, na watafiti wamekuja kubaini kwamba ndio uleule. Anayetafuta "Namikonga" anapata kazi za miaka ya karibuni. Anayetafuta "Kaleso" anapata za Kenya. Namba 46106/27 ndiyo inayomrudisha hadi Amani.