Kodi ya Bure: Mapigano na Hadithi katika The Raid

Msuko wa The Raid, filamu ya Indonesia ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Gareth Evans wa Wales, unaweza kusimuliwa kabla chai haijapoa. Kikosi cha askari 20 kinaingia katika jengo la ghorofa mjini Jakarta kumkamata Tama, bwana wa wahalifu. Kinagunduliwa, kinazingirwa, na wanaosalia wanapigana ili watoke hai. Mmoja wao, Rama, ana mke mjamzito nyumbani na ndugu, Andi, anayemtumikia Tama humo humo. Basi. Roger Ebert aliipa nyota moja kati ya nne, akilalamikia uchache wa hadithi na wahusika. Mashabiki wakamjia juu, wakisema silat ile inatosha.

Pande zote mbili zinachukulia kwamba mapigano na hadithi ni vitu viwili vya kupimwa katika mizani moja, kimoja kikipungua kingine kijazie. Hadhira ya Kiswahili ina sababu ya kulitilia shaka wazo hilo. Aliyekulia katika vibanda vya video anajua kuwa steringi hafi, na hakuna aliyedai nauli yake kwa kuujua mwisho. Msikilizaji wa Utendi wa Tambuka naye alijua mapema upande utakaoshinda. Kilichomkalisha hadi mwisho ni namna: nani anasogea mbele, nani anasita, kwa ujasiri gani.

Ndivyo alivyojengwa Mad Dog, kibaraka wa Tama anayeigizwa na Yayan Ruhian. Akiwa amemshika sajini Jaka chini ya mtutu wa bastola, anaiweka bastola kando ili wapigane kwa mikono. Baadaye, Andi akiwa amening'inizwa, Mad Dog anamruhusu Rama amfungue nduguye kwanza, kisha anawakabili wote wawili. Hakuna aliyeeleza maisha yake ya nyuma, wala haihitajiki. Mtu huyu ameabudu ufundi wake hadi ushindi rahisi unamchukiza, na ibada hiyo ndiyo inayomuua. Huo ni usawiri wa mhusika, tena ulio bora kuliko maneno mengi anayopewa luteni Wahyu, ambaye ufisadi wake unaelezwa tu kwa mdomo na kuchosha.

Hata hivyo, tukio lenye taharuki kubwa kuliko yote halina pigo hata moja. Rama na mwenzake aliyejeruhiwa wamefichwa nyuma ya ukuta na mpangaji ambaye mkewe ni mgonjwa. Wahalifu wanaupekua ukuta kwa panga. Ncha inapenya na kumchana Rama shavu. Linapovutwa nje, analipangusa bapa lake ili damu isionekane. Mtazamaji hapumui, kwa kuwa sasa kuna watu watatu wa kupotezwa na mmoja wao hajui kupigana.

Hapo ndipo wembamba wa msuko unapoumiza. Mapema katika filamu Tama anatangaza kwa vipaza sauti kwamba mpangaji atakayewaua askari ataishi bila kodi daima. Tangazo hilo ni zito kuliko ngumi zote zinazofuata: maskini wanaambiwa walipie paa kwa damu ya wengine. Lakini tunaowaona wakiitikia ni kundi la wenye mapanga wasio na majina, ambao kazi yao ni kuanguka kwa ustadi. Evans aliwahitaji kama miili, akawapa sababu ya kibinadamu, kisha akaisahau. Ufundi wa Iko Uwais unamtosha Rama, na unamtosha Mad Dog. Deni la wale wengine haukulikopa wala hauwezi kulilipa.

Mwishoni Rama anatoka. Andi anarudi jengoni. Wapangaji wangali ndani, na filamu haina la kuwauliza.