Utaratibu wa Kuchomelea Stenlesi: Mtihani wa Nguvu Hautoshi

Tuchukue bomba la stenlesi la inchi 2, aina ya 304L, lenye ukuta wa milimita 3.91. Kabla ya mabomba hayo kuungwa kiwandani, mkandarasi anapaswa kuthibitisha utaratibu wake wa kuchomelea. Kanuni inayotumika sana ni Sehemu ya IX ya ASME, ya Marekani. Vipande viwili vya bomba vinaungwa, na kila kitu kinaandikwa: aina ya waya, amperi, gesi, joto kati ya tabaka na tabaka. Kisha mshono unakatwa vipande vya majaribio. Viwili vinavutwa mpaka vikatike, navyo lazima vihimili angalau megapaskali 485. Vinne vinakunjwa nyuzi 180, viwili uso wa mshono ukiwa nje na viwili mzizi ukiwa nje. Ufa haupaswi kuzidi milimita 3. Vikifaulu, waraka unaruhusu kazi ya unene wa kuanzia milimita 1.5 hadi 7.82, yaani mara mbili ya ukuta uliojaribiwa.

Wengi hugonga muhuri hapo. Kwa maoni yangu, ni nusu tu ya kazi iliyopimwa. Anayenunua stenlesi hafuati nguvu, maana chuma cha kawaida kina nguvu na ni nafuu. Analipia kromiamu, karibu 18%, inayojenga utando mwembamba wa kuzuia kutu. Mshono wa moto ukikutana na hewa ndani ya bomba, mzizi hutoka mweusi, umechanuka chembechembe kama sukari iliyoungua. Hata usipofika huko, ukabaki na rangi ya buluu au kijivu tu, kinga imeshapungua, na mashine ya kukunja haiwezi kuliona hilo.

Kinga ya mzizi ni argoni ndani ya bomba. Ncha zote mbili zinazibwa. Gesi inaingizwa kwa chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na tundu la kutolea hewa linaachwa juu. Oksijeni inapimwa kabla fundi hajawasha, na argoni haifungwi mzizi ukishakamilika. Inaendelea wakati tabaka la pili linapigwa, kwani joto lake bado linafika ndani.

Cha kushangaza, kwa uchomeleaji wa tungsteni kwenye kundi hili la chuma, Sehemu ya IX haiihesabu gesi ya ndani kuwa kigezo cha msingi. Mkandarasi anaweza kuiondoa kwa kurekebisha waraka tu, bila jaribio jipya. Hata kipimo cha kutu hakimo katika majaribio yale ya kuvuta na kukunja.

Kwa hiyo mwenye mradi ayaandike haya mwenyewe kwenye mkataba: gesi ya ndani ni lazima, kiwango cha oksijeni kitajwe, bomba la majaribio lipasuliwe kwa urefu na rangi ya mzizi ikaguliwe, na pale kimiminika kinapokuwa kikali, kipande kimoja kipimwe kutu kwa kanuni ya ASTM A262. Asipoyadai kabla ya kusaini, kanuni haitamdaia.