Karakana Bila Usanifu: Uhakiki wa Ufundishaji wa Ufundi Katika Shule za Sekondari

Katika nchi yetu hakuna anayesimama hadharani kupinga kwamba elimu lazima iunganishwe na kazi. Jambo hilo lilikwisha amuliwa. Mwalimu Nyerere alilieleza katika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likalitilia mkazo. Katika miaka hiyo ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya umefungua mkondo wa amali kuanzia Kidato cha Kwanza. Kwa hiyo suala linalotukabili siyo kama ufundi ufundishwe au usifundishwe. Suala ni: unafundishwa kwa namna gani, na unajenga mtu wa aina gani?

Tuingie katika karakana ya kawaida. Mwalimu anachora kigoda ubaoni na kuweka vipimo vyote. Wanafunzi wananakili. Kisha wanakata mbao, wanapiga randa, wanaunga. Ambaye kigoda chake kinalingana na mchoro anapata alama nzuri. Kazi hiyo haifai kudharauliwa hata kidogo, kwani mkono usiojua kushika msumeno hauwezi kusanifu kitu. Kosa ni kwamba somo linaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kigoda hicho ni cha nani, au kwa nini kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi juu ya sakafu ya udongo wakati cha miguu minne huyumba. Maswali hayo yalikwisha jibiwa na mtu mwingine kabla mwanafunzi hajafungua mlango wa karakana.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Mkoloni alihitaji fundi wa kutekeleza michoro; kuwaza lilikuwa jukumu la bwana. Bendera ya mkoloni ilikwisha shuka, lakini mgawanyo ule wa anayewaza na anayetenda bado tunaufundisha, tena ndani ya chumba kile kile tulichokijenga ili kuufuta. Kazi ya mikono peke yake haimkomboi mtu. Punda naye anafanya kazi.

Chukua mfano wa maji. Katika vijiji vingi mtoto wa kike hubeba ndoo kichwani kabla ya kwenda shule. Mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi: tengenezeni chombo cha kuleta madumu mawili ya lita 20 kutoka kisimani, kwa njia ya mchanga, kwa vitu vinavyopatikana hapa. Maji hayo yana uzito wa kilo 40. Wakichagua toroli, itabidi waamue mzigo ukae wapi. Ukikaa katikati ya ekseli na mahali mikono inaposhika mipini, mikono itainua nusu ya mzigo, yaani kilo 20, mbali na uzito wa toroli lenyewe. Ukisogezwa hadi robo ya umbali huo kutoka kwenye ekseli, mikono itainua kilo 10 tu. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo waliyoikariri katika fizikia bila kujua ina faida gani. Tena gurudumu jembamba litazama mchangani, na pana litapita. Toroli likipinduka siku ya majaribio, wanarudi kwenye mchoro na kutafuta sababu. Na katika kazi hiyo mjuzi wa kwanza ni msichana aliyebeba ndoo, yule yule ambaye mara nyingi tunamwona mgeni karakanani.

Hatuna budi kujikosoa. Elimu ya Kujitegemea ilitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, siyo kutumwa tu. Lakini katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa kufyeka na kulima kwa amri, na pengine jembe likawa adhabu ya mwanafunzi mchelewaji. Tukamfundisha kijana kuichukia kazi kwa jina la kuiheshimu.

Wapo watakaosema hatuna vifaa. Ni kweli, karakana isiyo na jiliwa wala mbao haitafika mbali, na Serikali haina budi kuzitimizia shule mahitaji yake. Lakini usanifu huanza kabla ya mashine: huanza kwa kuuliza, kupima, kuchora, na kujaribu kwa vijiti, udongo na makaratasi ya maboksi. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hutengeneza vitu vingi kutokana na vyuma chakavu. Kwa nini mafundi wa namna hiyo wasialikwe shuleni wafundishe pamoja na mwalimu?

Wengine watasema mtihani hauulizi mambo hayo. Basi mtihani ndio urekebishwe. Mwanafunzi apimwe pia kwa daftari lake la usanifu: tatizo aliloliona, njia alizozilinganisha, kosa alilolifanya na jinsi alivyolisahihisha. Kunakili hakuna kosa la kueleza, kusanifu kunalo.

Hatari iliyo mbele yetu ni dhahiri. Mkondo wa amali ukifundishwa kwa kunakili, utakuwa kimbilio la wanaohesabiwa kuwa wameshindwa, na mkondo wa jumla utabaki njia ya watoto wanaoandaliwa kukaa ofisini. Tutakuwa tumejenga matabaka mawili kwa fedha za wakulima na wafanyakazi. Ili tuepukane na hilo, mwalimu wa ufundi afundishwe usanifu chuoni, shule ichague kila mwaka tatizo moja la kijiji au mtaa wake, na chombo kitakachotengenezwa kipelekwe kwa wananchi wakitumie na wakikosoe. Mama wa kisimani akilikataa toroli, somo halijaisha.